Rejeta ya Ami Yako

Mambrui, 1986

Badi mwanangu,

Salamu za barua sikuletei, maana tumekula wali pamoja mchana huu na nimekuona u mzima. Sasa umetoka kwenda kuaga wakwe wa dada yako, babako amejinyoosha ukumbini, nami nimejifungia chumbani na kalamu ya gumbaru, yale masomo yetu ya watu wazima. Mwalimu wetu alituhimiza tujifunze kuandika ili tuweze kuwajibu watoto wetu wakituandikia kutoka mbali. Hakujua kwamba mimi nitaanza kujibu kabla sijaandikiwa.

Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, chini ya vikoi. Usiifungue hapa nyumbani. Ifungue Kilifi, mkiwa mnangoja feri ya kuvukia Mnarani, maana pale kungoja ni kwingi na hakuna wa kukuchungulia begani.

Habari za kuswali, na kula, na kujitenga na watu wasiofaa, utaambiwa na wenzangu. Shangazi zako wamekaa na nasaha zao tangu juzi, kila mmoja anangoja zamu. Mimi nataka tuzungumze habari ya rejeta.

Najua, neno hilo halitajwi nyumba hii. Hata fundi wa baiskeli akipita akisema habari za magari babako hujikohoza akaondoka. Lakini wewe unakwenda Maskati kupanga magunia katika ghala la mtu usiyemjua, wewe dereva uliyejua kuiendesha Landrova kabla hujaota ndevu, na unakwenda kwa sababu ya rejeta. Si kwa sababu nyingine. Basi haifai uondoke bila ya mtu mmoja wa nyumba hii kulisema hilo kwa kinywa chake, na babako hatalisema.

Tuanze na rejeta ya mwanzo, ile iliyokuja na gari. Ile hatukuiua kwa uzembe. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwajazia dumu la maji matamu kila alfajiri? Nilikuwa nikikwambia, "Haya ya gari, Badi," nawe ukiniitikia, "Ndiyo, mama." Kisha mkifika Gongoni mnawakuta wale watu wametoka kwenye mashamba ya chumvi, miguu imepasukapasuka, midomo imekauka, na mmoja anauliza kwa haya kama kuna maji ya kunywa. Nani angewaambia haya ni ya gari? Babako aliwapa, wewe uliwapa, na lau ningekuwa mimi ningewapa. Kisha rejeta mkaitilia maji ya visima vya kule, ambayo hata mbuzi huyanusa akenda zake.

Chumvi ikaila shaba taratibu. Ukaanza kutoka unga wa kijani kwenye maungio, kisha matone, kisha mkawa mnasimama kila baada ya mwendo mdogo kutia maji. Mlinimalizia mayai ya kuku wangu, mkivunja ute ndani ya rejeta ati uzibe matundu. Mlichukua sabuni yangu ya kufulia. Mlichukua manjano yangu ya pilau, wallahi, na watu wa Marereni wakawa wanauliza lile gari limebeba harusi gani. Siku zile tulikuwa tukicheka. Gari lilikuwa linatulisha kwa nauli za Marereni, na mwaka ule wa njaa na unga wa mahindi ya manjano, watu walipokuwa wakipanga foleni kwa kopo moja, sisi hatukulala na njaa hata siku moja. Ndipo ikapasuka chini kote na pasiwe na yai la kuisaidia.

Mguu wa babako ulikuwa umeshavimba, hawezi kutoka. Ukaniambia, "Mama, twende wote kwa Karisa." Nikacheka, nikakuuliza mimi na rejeta wapi na wapi. Ukasema, "Wewe ndiye unayejua kuchagua vitu." Sijasahau uliponiambia neno lile. Miaka yote nilikuwa nachagua nazi na samaki na khanga, na leo mwanangu ananichukua nikachague kitu cha kuiokoa nyumba.

Yule Fundi Karisa wa nyuma ya soko la Malindi, mchoma rejeta, Mgiriama mwenye mdomo usiofunga, tulimkuta anagombana na mteja. Alipomaliza akanigeukia mimi, si wewe.

"Mama, gari lenu mnalipeleka wapi?"

"Marereni."

"Kwa lami?"

"Lami ya nani, Fundi? Mchanga mtupu, na ikinyesha ni tope."

"Basi usichague kwa macho. Gari la lami linakimbia, linapozwa na upepo wa njiani. Lenu linatambaa. Upepo haliupati. Linategemea feni yake na maji yake tu. Gari kama hilo lataka rejeta pana na nene, na feni iwe karibu nayo."

Akatutolea tatu. Ya kwanza ilikuwa ya alumini, vichwa vya plastiki, nyepesi nikaiinua kwa mkono mmoja, inang'aa. Nikaipenda. Akaniangalia akasema, "Nzuri hiyo. Ikipasuka Marereni utaishona kwa uzi?" Maana alumini hailehemeki, na plastiki ndiyo kabisa, lakini ya shaba hata fundi wa majiko ya makaa huweza kuitilia lehemu ukafika nyumbani. Ya pili ilikuwa ya lori, ndefu, ingebidi kukata chuma cha mbele, ukaikataa mwenyewe kabla hajamaliza kusema. Ya tatu ilikuwa ya Landrova kama yetu iliyopinduka. Karisa alikuwa ameviacha vile vichwa vya shaba vya juu na chini, akaitia moyo mpya katikati, mistari minne ya mabomba, ilhali yetu ya zamani ilikuwa mitatu. Ulileta ile yetu mbovu, ukazisimamisha pamoja, ukapima mdomo wa juu na mdomo wa chini na matundu ya nati. Vyote vikakutana. Karisa akamimina ndoo ya maji juu, yakashuka kwa nguvu yote chini, hayakusita. Niliipakata mwenyewe. Ilikuwa nzito kama wewe ulivyokuwa ukianza kutambaa.

Nikasema, "Hii." Ukasema, "Hii, mama." Karisa akaiweka kando, akaifunika gunia, tukakubaliana tuifuate Jumamosi. Tulirudi Mambrui kwa gari la samaki na nilikuwa na furaha ya kijinga, najiona mtu. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa baada ya swala akaja ami yako Salimu.

Nataka nikueleze nilivyomwona mimi, maana wewe ulikuwa barazani nami nilikuwa nyuma ya pazia. Ndugu mkubwa wa babako, kanzu nyeupe, kofia ya vito, na nyuma yake nusu ya msikiti. Mkokoteni ukaja mbele ya baraza, na juu yake rejeta imepakwa rangi nyeusi, bado inanuka rangi. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Ndugu yangu atakwendaje Malindi kutafuta rejeta, na mimi ni hai?" Watu wakaitikia mashaallah. Babako akalia. Mwenye mguu mbovu huyo, gari limelala, leo ndugu yake amemkumbuka mbele ya watu, mbona asilie?

Wewe uliinama ukaitazama. Uliona kwa jicho moja tu. Ilikuwa ya pikapu yake ndogo iliyokuwa imeegeshwa uani kwake, nyembamba, mistari miwili. Ukasema kwa adabu zote, mimi nilikusikia, sauti yako haikupanda:

"Ami, ahsante sana, Mungu akuzidishie. Lakini hii ni ya gari dogo. Landrova itachemka."

Babako akasema, "Badi! Ndivyo tulivyokulea?" Nami, niliyekuwa nimeipakata ile ya Karisa jana yake, niliyejua kila ulichokijua, nikasema nyuma ya pazia, "Mwanangu, pokea mkono wa ami yako." Ukaupokea. Ukaubusu. Sikuuona uso wako, niliuona mgongo tu.

Muhali, Badi. Hatukuweza kusema hapana kwa sababu tuliona muhali. Watu wa bara wakituuliza neno hilo lina maana gani hatujui kuwaeleza, ila sisi tunaishi humo. Mtu amekuletea, amekuja na uso wake, utamrudishaje? Utamwangusha. Bora uanguke wewe. Na rejeta ya Karisa ikabaki chini ya gunia, hata kwenda kumwambia hatuji tuliona muhali, akaja akaiuza kwa mtu wa Garsen.

Mliifunga ile ya ami yako kwa waya na vipande vya mbao, maana matundu hayakukutana. Mdomo wa chini mkauunganisha kwa mpira wa pampu. Feni ikawa mbali nayo, mtu anaingiza mkono mzima katikati. Nilipokuletea chai uani uliniambia, "Mama, hii feni inapepea hewa tu." Nikakwambia ujaribu. Ndivyo tunavyosema siku zote, jaribu, kana kwamba chuma nacho kina haya na kitatustahi.

Na ulijaribu, wallahi ulijaribu. Ulipunguza mizigo, ukawa unaondoka usiku usiku kabla ya jua, unasimama kila mahali kuipoza, abiria wananung'unika. Kwa mwendo ule gari lingeweza kuishi mpaka tupate nyingine. Ikaja harusi ya binti wa ami yako.

Ami yako alikuja mwenyewe kuomba tuwachukue akina mama na masufuria mpaka Marereni kwa wakwe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Wewe ulimwambia babako faraghani kwamba haiwezekani, mzigo ule kwenye tope lile, gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Babako akakwambia, "Rejeta katupa yeye, leo tumnyime gari?" Nilikuwepo. Nilikuwa napima mchele.

Basi tukapanda. Mimi nilikuwa nyuma na akina mama, tunapiga vigelegele kama wajinga, na babako mbele kakaa na mguu wake juu ya mto. Kuvuka Gongoni nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikakusikia ukisema, "Baba, mshale wa joto umefika mwisho, nasimama." Naye akajibu, "Wakwe wanatungoja, twende, ni pale tu." Ukasema tena. Akasema, "Endesha." Mara ya tatu hukusema. Mvuke ukatoka mbele kote, kisha injini ikagonga, ikagonga, ikakaza, na kukawa kimya nikasikia vyura. Wale wanawake walishuka na masufuria yao vichwani wakaenda kwa miguu kwenye tope, na wengine wanacheka. Wewe ulibaki umeshika usukani.

Hadi hapo yote unayajua. Sasa sikiliza ambalo nilikuwa nalimeza mwaka mzima.

Babako alipoulizwa barazani injini imekufaje, alisema kijana hakuangalia maji. Alilisema mara moja tu, na macho chini, kwa kuwa ami yako alikuwa amekaa pale pale na hakuweza kusema rejeta haikufaa. Ami yako akaongeza, "Rejeta yangu ilikuwa nzima." Watu wakatikisa vichwa. Neno likatembea kutoka hapa hadi Marereni kwa kasi kuliko lilivyowahi kutembea gari lenyewe. Ulipokwenda kuomba kazi ya udereva kwenye chumvi ulirudi ukaniambia nafasi zimejaa. Hazikujaa, Badi. Mke wa msimamizi alinisimulia kisimani. Walisema, huyu si ndiye aliyeua gari la babake? Nilikuwa nimebeba ndoo kichwani, nikasema ahsante kwa kunijulisha. Ahsante! Ulimi wangu umezoea.

Nakuandikia haya kwa uchungu, na sitaki kuufunika. Mimi mwenyewe niliingia nyumba hii kwa muhali. Babu yako mzaa mama aliletewa posa na mtu aliyekuwa amemuuguza katika maradhi yake, akaona atamkatalia vipi. Mimi nilikuwa na mwingine moyoni. Simlaumu babako, hajanipiga wala hajaninyima, na nisingekupata wewe. Lakini nilikuwa na miaka kumi na sita nikajifunza kwamba binti mwema ni yule asiyemwangusha mtu, na nikakaa nikakufundisha hilo hilo wewe, tangu unanyonya. Nilidhani nakupa mali. Kumbe nilikuwa nakufunga waya na vipande vya mbao, mradi ukae pale watu walipotaka ukae, hata kama hapakufai.

Huko uendako watakupa vitu visivyofaa. Watakupa gari bovu wakuambie jaribu, watakupa kazi isiyo yako, pengine watakupa na mke. Sitakwambia ufanye nini. Nakupa ruhusa tu, maana nadhani hakuna mtu aliyewahi kukupa: una ruhusa yangu ya kukosa adabu. Wakisema mamako hakukufunza, waambie ndiyo, hakunifunza.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini leo asubuhi, ulipokuwa sokoni, nilivaa buibui nikaenda kwa ami yako. Nilisema huyu mtoto haondoki kwa jina la muuaji wa gari hata kama nitaonekana mwehu. Nilimkuta peke yake, anasoma.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama Badi. Karibu. Kijana yu tayari?"

"Yu tayari. Nimekuja kwa habari ya rejeta."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Mistari miwili, feni, waya, tope, mshale, babako na "endesha" yake. Nilitegemea anifukuze. Alifunga kitabu, akajisugua magoti, akasema bila ya kunitazama:

"Nilijua kuwa haifai."

"Ulijua nini?"

"Nilijua haiwezi Landrova. Mama Badi, pale msikitini kila siku wananiuliza, nduguyo gari limelala nawe una magari, humwangalii? Nikaona haya. Nikachukua iliyokuwepo, nikaipaka rangi. Nilisema Badi ni dereva, ataikataa pale pale, nami nitakuwa nimeshatoa mbele ya watu, na nyinyi mtakwenda kuichukua ile ya Karisa."

"Hata ya Karisa uliijua?"

"Niliijua. Nilikuwa nangoja hapana yenu. Mkasema ahsante. Sasa mimi ningesemaje?"

"Badi alikukatalia, shemeji. Babake akamnyamazisha, nami nikamnyamazisha. Ulisikia."

"Nilisikia."

"Basi si ungesema neno moja tu, kijana asema kweli?"

"Ningemfedhehesha ndugu yangu mbele za watu," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mimi, Mungu anisamehe, sikuwa na hata chembe ya huruma. Nilimuuliza habari ya harusi, kwa nini alikuja kuomba gari akijua. Akasema alikuja kuuliza tu, kwa kuwa ingekuwa aibu kuwapa watu wengine kazi hiyo na ndugu yake yupo. Alidhani na hilo tutalikataa.

Nimerudi nikamweleza babako neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta. Nikangoja. Nilidhani atasema mwite Badi nimtake radhi, au atasema leo jioni nitakwenda barazani niseme ukweli kabla mtoto hajaondoka. Alikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha, ndipo akasema, "Usimwambie mtoto. Ataondoka na kinyongo."

Nimekwambia. Ondoka nacho, mwanangu, ni haki yako.

Mamako